Bango Liwe la Mwisho: Kununua Ukumbi wa Maigizo Mjini na Kuupa Kazi Mpya

Ukumbi ukishauzwa, wapita njia huanza kwa kumwona fundi rangi juu ya ngazi akifuta jina la zamani. Mmiliki mpya ana haraka. Amelipa fedha nyingi na anataka mji ujue kwamba ameingia. Haraka hiyo inaeleweka, lakini kazi imeanzwa kinyumenyume. Jina hubadilishwa kwa wiki moja. Hati, kibali cha matumizi, sakafu, sauti na milango huchukua miezi, na lolote kati ya hayo linaweza kukulazimisha kupangua mpango wote, pamoja na jina lenyewe.

Tunaandika kwa yeyote aliyenunua au anayetaka kununua ukumbi Kampala, Jinja, Mbale au Masaka: kanisa, shule, mfanyabiashara wa sherehe, hata kikundi cha wasanii. Tuseme mapema tunaposimama. Chumba kilichojengwa ili mtu azungumze bila kipaza sauti na watu mia tano wamsikie ni kitu adimu katika miji yetu. Kipe kazi nyingine ukitaka, ila ukibadilishe kwa namna ambayo mwingine ataweza kukirudisha jukwaani bila kuvunja ukuta.

Hati kabla ya nyundo

Kumbi nyingi za zamani katika miji ya Uganda zilijengwa na wafanyabiashara wa Kiasia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, na majengo yao yakaishia chini ya bodi ya kusimamia mali zilizoachwa, ile inayojulikana kama DAPCB. Sheria ya 1982 kuhusu mali zilizotwaliwa iliwafungulia wenyewe mlango wa kurudishiwa, kwa cheti kinachotolewa na Waziri wa Fedha. Matokeo yake, jengo moja linaweza kuwa na watu watatu wanaolidai kwa nia njema kabisa: aliyegawiwa na bodi, mrithi aliyeko ng'ambo mwenye cheti cha kurudishiwa, na mpangaji wa miaka mingi anayeamini kwamba kukaa kwake kumempa haki.

Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja rahisi: jengo hili lilitoka vipi mikononi mwa mmiliki wa kabla ya 1972 hadi kwako? Akikuonyesha mlolongo wa karatasi, endelea. Akianza kusimulia badala ya kuonyesha karatasi, simama. Kisha mwanasheria wako aombe uchunguzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya kanda, na majibu yawe ya maandishi yenye muhuri. Ndani yake tazama jina la mmiliki, rehani, zuio lililowekwa na mtu mwingine, na aina ya umiliki.

Aina ya umiliki ndiyo inayosahaulika. Katikati ya mji mara nyingi ni lizi, yaani ardhi imekodiwa kwa miaka 49 au 99. Lizi ya miaka 49 iliyoanza 1985 inakwisha 2034. Ukikopa benki kwa jengo lenye lizi iliyobaki miaka michache, usishangae benki ikikataa. Soma pia ukurasa wa masharti, maana lizi za zamani huandika matumizi waziwazi, na kama imeandikwa sinema au burudani, unahitaji ridhaa ya mwenye ardhi kabla hata ya kwenda kwa mamlaka ya jiji. Mnunuzi asiye raia, pamoja na kampuni ambayo raia hawana sauti kubwa ndani yake, haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo wala ya milki huru, yaani aina za umiliki zisizo na kikomo cha muda. Njia yake ni lizi tu, isiyozidi miaka 99.

Mwite mpima ardhi afungue mipaka, yaani aithibitishe pale pale kiwanjani. Kwa kumbi hili si jambo la kutimiza tu. Kumbi za zamani zina vichochoro vya kutokea pembeni, ngazi za nje na vyumba vya mashine vilivyoongezwa baadaye, na mara nyingi sehemu hizo zimesimama kwenye kiwanja cha jirani au hifadhi ya barabara. Kichochoro kikiwa si chako, mlango wa dharura unaofungukia huko ni wa hisani. Siku jirani akijenga ukuta, uwezo wa ukumbi wako unapungua kwa nusu.

Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni 1.5% ya thamani inayokubaliwa na mthamini wa serikali, ambayo huenda isilingane na bei mliyoandikiana. Kwa jengo la shilingi bilioni 4 hiyo ni milioni 60. Kuuza jengo la biashara kunaweza pia kuvuta kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 18%, na jibu linategemea kama unanunua kuta tu au biashara inayoendelea. Kalieni hesabu hiyo na mhasibu kabla ya kutia saini, kwa sababu tofauti yake yaweza kumaliza fedha zote za ukarabati.

Ukinunua biashara inayoendelea, unanunua na watu. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mikataba ya wafanyakazi inahamia kwa mwajiri mpya. Kagua michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambayo ni 5% ya mfanyakazi na 10% ya mwajiri. Na kabla hujamwaga mtu yeyote, jua nani anafahamu swichi zilipo. Fundi wa taa aliyekaa hapo miaka kumi na mitano ana ramani ya nyaya kichwani ambayo hakuna karatasi inayoionyesha.

Kibali: matumizi kwanza, michoro baadaye

Kubadili ukumbi wa maigizo kuwa kanisa, ukumbi wa harusi, duka au ofisi ni mabadiliko ya matumizi chini ya Sheria ya Mipango ya 2010. Kampala maombi hupelekwa KCCA, yaani mamlaka ya jiji, na katika majiji mengine hupelekwa kwa kamati ya mipango ya baraza la jiji. Baada ya hapo ndipo kinakuja kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, kwa michoro ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na mwishoni kibali cha kuanza kutumia jengo. Wengi hubadilisha mpangilio. Huomba ruhusa ya ukarabati mdogo, wakaanza kuchomelea vyuma, halafu mkaguzi akapita na kukuta sakafu mpya nzima. Kazi inasimamishwa, mafundi wanalipwa wakiwa wamekaa, na mvua inaingia kupitia paa lililofunuliwa.

Majirani wana nafasi ya kupinga, na hoja zao huwa mbili: maegesho na kelele. Nenda ukaongee nao kabla ya maombi, ukiwa na majibu. Uliza pia idara ya makumbusho na mambo ya kale kama jengo limeorodheshwa au linafikiriwa kuorodheshwa, kwa kuwa sheria mpya ya makumbusho na mambo ya kale ilitoka 2023. Kampala ina mfano ambao kila mtu anaujua. Norman Cinema, iliyopewa jina la mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, Norman Godinho, ikawa nyumba ya kanisa lililoanza 1984 kama Kampala Pentecostal Church na ambalo leo ni Watoto Church. Jengo lilipokuwa kanisa, watu waliendelea kuliita Norman bila ugomvi. Ugomvi ulikuja pale ulipotangazwa mpango wa kujenga upya mahali hapo, na watetezi wa urithi wakasimama.

Hapa tuseme lisilowapendeza baadhi ya wasanii wenzetu: kanisa si adui wa ukumbi. Kati ya kazi zote mpya, ibada ndiyo iliyo karibu zaidi na maigizo, kwa sababu watu bado wanakaa wakielekea upande mmoja kusikiliza. Jukwaa linabaki, mteremko unabaki, roshani inabaki. Kinachoua ukumbi ni supamaketi na ofisi za kukodisha, kwa vile zote mbili zinataka sakafu bapa na slabu katikati ya hewa. Hata duka linaweza kuwa na adabu. Buenos Aires kuna Gran Splendid, ukumbi uliofunguliwa 1919, ukageuzwa sinema 1929, na tangu 2000 ni duka la vitabu. Rafu zimefuata mkunjo wa roshani, vibanda vya watazamaji ni sehemu za kusomea, na jukwaani pako mkahawa na pazia lake. London, Granada ya Tooting iliyojengwa 1931 iligeuzwa ukumbi wa bingo 1976, na urembo wake wa ndani ulisalimika kwa sababu mchezo huo haukuhitaji kubomoa chochote.

Sakafu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Chukua ukumbi wa kawaida wenye viti 500: urefu wa sehemu ya watazamaji mita 20, upana mita 15, mteremko wa 1 kwa 10. Nyuma ni juu kuliko mbele kwa mita 2. Mmiliki mpya anataka sakafu bapa kwa ajili ya meza za harusi, na mkandarasi anamwambia wajaze moramu kisha wamwage zege. Fanya hesabu. Eneo ni mita za mraba 300, wastani wa kina ni mita 1, yaani mita za ujazo 300. Moramu iliyoshindiliwa ina uzito wa karibu tani 1.8 kwa mita ya ujazo. Umeingiza zaidi ya tani 540 ndani ya jengo, na sehemu ya uzito huo inasukuma kuta za pembeni ambazo hazikujengwa kuzuia udongo. Nyufa za mlalo zitaonekana baada ya msimu wa mvua wa kwanza au wa pili.

Hilo bado si kubwa. Ukijaza hadi usawa wa nyuma, sakafu ya mbele imepanda mita 2. Jukwaa la kawaida lina kimo cha mita 1 kutoka sakafu ya mbele, kwa hiyo limezama. Milango ya dharura iliyo kando ya jukwaa imefukiwa hadi karibu na kizingiti cha juu. Mifereji ya hewa iliyokuwa chini ya viti imeziba, na maji yanayoingia wakati wa mafuriko hayana pa kutokea. Tumeona majengo ya aina hii yakiuzwa tena kwa hasara kwa sababu hakuna aliye tayari kutoa tani mia tano za udongo kwa toroli.

Njia bora ni vibaraza. Gawa urefu wa mita 20 katika vibaraza vinne vya mita 5, kila kimoja kikipishana na mwenzake kwa nusu mita, na ngazi tatu zenye kimo cha takribani sentimita 17 kila moja. Kibaraza cha mita 5 kinatosha mstari mmoja wa meza za duara za watu kumi, pamoja na njia ya mhudumu. Watu wa nyuma wanaona jukwaa vizuri kuliko wangeona kwenye sakafu bapa. Mbele ya jukwaa acha ukanda wa mita 2 katika usawa wa zamani, ukiukata kutoka kibaraza cha kwanza, ili milango ya dharura ibaki ilivyo. Weka pia njia ya mteremko mpole upande mmoja kwa wanaotumia viti vya magurudumu, angalau kutoka mlango mkuu hadi kibaraza cha karibu nao.

Vibaraza vijengwe kwa fremu, visijazwe. Chuma cha boksi cha milimita 50 kwa 50 chenye unene wa milimita 3, nguzo kila mita 1.2 pande zote mbili, kila nguzo ikiwa na bamba la chini lililofungwa kwa bolti. Juu yake weka mbao za 100 kwa 50 kila sentimita 40, kisha plaiwudi ya milimita 18 tabaka mbili, viungo vikipishana, gundi na skrubu. Misumari hulegea, na baada ya miezi sakafu inalia kwa kila hatua. Kati ya chuma na sakafu ya zamani tia kipande cha mpira, la sivyo kila kiatu kitasikika kama ngoma. Mhandisi akokotoe kwa mzigo wa kilonewtoni 5 kwa mita ya mraba, ambao ni wa mahali watu wanapokusanyika bila viti vya kudumu. Kwa viti vya kudumu huwa 4. Roshani ya zamani ilikokotolewa kwa viti vya kudumu, kwa hiyo usiing'oe viti vyake ukaifanya ya kucheza muziki. Watu wakiruka kwa mpigo mmoja, roshani inapata mtikisiko ambao hesabu ya uzito wa kukaa haikuufikiria.

Fremu ya namna hii hufunguliwa kwa spana. Mteremko wa zamani uko chini yake, mzima.

Sauti

Malalamiko ya kwanza baada ya ufunguzi huwa ni yale yale: vipaza sauti ni vipya na ghali, lakini maneno hayasikiki. Sababu huwa ni viti.

Ukumbi wetu wa mfano una ujazo wa karibu mita za ujazo 2,500. Muda wa sauti kufifia hupatikana kwa kuzidisha 0.161 na ujazo, kisha kugawanya kwa eneo linalomeza sauti. Ukumbi ukiwa na eneo la kumeza la mita za mraba 400, jibu ni sekunde 1, sawasawa kwa mtu anayezungumza. Sasa ng'oa viti 500 vya sponji na kitambaa. Kila kimoja kilikuwa kinameza karibu mita 0.45 za mraba. Weka vya plastiki, ambavyo humeza kama sehemu ya kumi ya hapo. Umepoteza mita 200, na muda umeruka hadi sekunde 2. Kwaya itapendeza. Mhubiri, mwigizaji na mshereheshaji watasikika kama wanaozungumza ndani ya tangi. Kuongeza vipaza sauti kunaongeza fujo hiyo hiyo kwa nguvu zaidi.

Rudisha umezaji kwa paneli za pamba ya mawe zenye unene wa milimita 50, ukubwa wa mita 1.2 kwa 0.6, zikiachiwa nafasi ya milimita 50 kutoka ukutani ili zimeze na sauti nzito. Kila paneli inarudisha kama mita 0.65. Paneli 200 hukupa mita 130, na muda unashuka hadi karibu sekunde 1.2. Anza na ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa, kwa kuwa huo ndio unaorudisha maneno kwa kuchelewa, kisha theluthi ya juu ya kuta za pembeni. Kitambaa cha kufunika kiwe cha kupitisha hewa. Kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita, kinafaa.

Tunaomba kwa msisitizo: usibandike magodoro ukutani. Sponji ya godoro huwaka kwa kasi na moshi wake unaua kabla moto haujamfikia mtu. Trei za mayai nazo hazimezi sauti ya maana na zinawaka kama karatasi, maana ni karatasi.

Usitoe dari ili vyuma vya paa vionekane. Ni mtindo unaopendeza kwenye picha. Halafu mvua ya Aprili au ya Oktoba inashuka juu ya mabati, na hakuna kipaza sauti kitakachoishinda. Dari ya zamani ikiwa imeoza, weka nyingine yenye pamba ya mawe juu yake. Kabla ya kuigusa, peleka kipande chake kupimwa kama ni asbestosi. Ikiwa ndiyo, kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa, usimpandishe kibarua kuivunja kwa nyundo. Kampala ongeza ukaguzi wa popo, kwani kinyesi chao darini huozesha mbao na kuvuta vumbi baya kifuani. Ziba mapengo usiku wakiwa wametoka, na hakikisha hakuna makinda ndani.

Jukwaa na umeme

Ukumbi ukiwa na mnara juu ya jukwaa wenye mabomba ya kuning'iniza mapazia kwa vyuma vya uzani, hapo kuna hatari inayoua mafundi wasioijua. Pazia likiondolewa kwenye bomba huku vyuma vya uzani vimebaki upande wa pili, vyuma hushuka kwa kishindo na bomba linapaa. Kanuni haibadiliki: shusha bomba hadi sakafuni, panda kwenye roshani ya kupakilia, toa vyuma vya uzani kwanza, kisha ndipo ufungue pazia. Wakati wa kupakia ni kinyume chake. Kama huna kazi na mnara huo, ondoa vyuma vyote, funga kamba, na uuache usimame. Usiukate kuuza chuma chakavu. Mara nyingi gridi ya juu inashikilia kuta za mnara.

Taa za zamani 24 za wati 1,000 zilikula kilowati 24. Za LED za wati 200 zinakula 4.8. Akiba ni kubwa, lakini usizichomeke kwenye dima za zamani, yaani vifaa vya kupunguza mwanga, kwani zitapepesa na kuungua. Zipe umeme wa moja kwa moja na uziongoze kwa waya wa mawasiliano. Gawanya mizigo kwenye fezi tatu kwa usawa, na sauti iwe fezi yake peke yake, mbali na taa na viyoyozi, la sivyo mngurumo utaingia kwenye spika. Akaunti ya umeme ihamishiwe kwa jina lako pamoja na mita. Usambazaji ulihama kutoka kampuni iliyoitwa Umeme kwenda UEDCL, kampuni ya serikali, tarehe 1 Aprili 2025, kwa hiyo hakikisha deni lolote la mmiliki wa zamani limeandikwa na kulipwa kabla ya makabidhiano.

Milango ndiyo inayosema watu wangapi

Viti vya kudumu vilikuwa vinahesabu watu kwa niaba yako. Ukiving'oa, hakuna kinachomzuia mtu wa tiketi kuingiza mia tisa. Tumia kipimo cha milimita 5 za upana wa mlango kwa kila mtu, na katika hesabu uuondoe mlango mkubwa kuliko yote, kana kwamba moto uko hapo. Ukiwa na milango mitatu ya mita 1.5, inabaki miwili, jumla mita 3, yaani watu 600. Namba hiyo iandikwe mlangoni na iheshimiwe hata siku ya Krismasi. Milango ifunguke kwenda nje, bila kufuli watu wakiwa ndani. Viti vya plastiki vifungwe pamoja vinne vinne au zaidi, kwa kuwa kiti kimoja kikianguka njiani huangusha wengi. Njia kati ya viti isipungue mita 1.1.

Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, watu kadhaa, wengi wao vijana na watoto, walikufa kwa kukanyagana katika njia nyembamba ya jengo la maduka Namasuba, walipokuwa wakienda kuangalia fataki. Hapakuwa na moto. Palikuwa na watu wengi kuliko njia.

Sasa jina

Jina la zamani si lako kwa sababu umenunua kuta. Linaweza kuwa la kampuni ya muuzaji au la kikundi kilichokuwa kikiigiza hapo. Andika kwenye mkataba wa mauzo kwamba unanunua jina, nembo, anwani ya tovuti, kurasa za mitandao na namba ya simu ya kukata tiketi, hata kama hukusudii kulitumia. Ukiliacha nje, mwenye nalo atafungua ukumbi mwingine mitaa miwili kutoka kwako kwa jina lile lile, na watu watamfuata.

Jina jipya litafutwe URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na kuhifadhiwa. Kuhifadhi hudumu siku 30 tu, kwa hiyo usihifadhi kabla kibali cha matumizi hakijakaribia. Sajili pia alama ya biashara katika daraja la 41, la burudani na elimu. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Fikiri mara mbili kabla ya kuuza jina kwa mdhamini. Chicago kuna ukumbi uliofunguliwa 1906 ukiitwa Majestic, baadaye ukawa Shubert. Kuanzia 2006 ulipewa jina la benki, na tangu hapo umekuwa LaSalle Bank, Bank of America, PrivateBank na sasa CIBC, kwa sababu benki humezana. Hapa kwetu Crane Bank ilichukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016, na kufikia Januari 2017 ilikuwa imekabidhiwa kwa benki nyingine, dfcu. Mdhamini akitaka jina, mpe kwa miaka michache, baada ya jina la kudumu na siyo badala yake, na mkataba useme nani analipa gharama za kubadili bango, tiketi na vibao vya barabarani akifilisika au akinunuliwa.

Konda wa teksi na mwendesha boda wataendelea kutumia jina la zamani kwa miaka, na usigombane nao. Kwenye bango, tiketi na matangazo andika jina jipya kwa herufi kubwa na chini yake "zamani" pamoja na lile la awali, kwa miezi 24 isiyopungua. Kwenye ramani za simu, badilisha jina la mahali palipo tayari. Usifungue pahali papya na kutangaza pa zamani kuwa pamefungwa, maana utapoteza maoni ya wateja na watu watafikishwa mlangoni na kuambiwa na simu yao kwamba hapapo.

Vikundi vilivyokwisha kulipa arbuni kwa mmiliki wa zamani viheshimiwe tarehe zao, au virudishiwe fedha kwa maandishi kabla ya ufunguzi. Mabango ya michezo ya zamani, picha na miswada iliyoachwa kwenye stoo isichomwe pamoja na takataka. Iorodheshe, kisha uwaite idara ya sanaa za maonyesho ya Makerere au watu wa Ukumbi wa Taifa, waliofungua milango yao 1959, waseme wanachotaka kuhifadhi.

Herufi za jina la zamani zikiwa zimefinyangwa kwenye plasta ya uso wa jengo au kwenye sakafu ya terazo mlangoni, usizichonge. Bango jipya lishikiliwe na vyuma vinavyoliacha sentimita 10 kutoka ukutani, mashimo yakitobolewa kwenye viungo vya chokaa kati ya matofali na siyo kwenye matofali yenyewe, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na maji ya mvua yawe na njia ya kupita nyuma yake. Omba idhini ya bango kutoka mamlaka ya jiji ukiwa na picha na vipimo. Hapo ndipo umwite fundi na ngazi yake.